Mpima Saa wa Mstari wa Nne

Msimu ulianza na bwawa la kijani.
Pampu ilikufa Januari. Fundi wa Kondele
akaifungua, akaitazama kama mgonjwa asiye na bima,
akasema, "Jumatatu."
Hakusema Jumatatu ya mwezi gani.

Basi wiki tatu watoto waliogelea ukumbini mwa kanisa,
vifua juu ya mabenchi, mikono ikichota hewa,
na kocha Mudanya akipita katikati na filimbi:
"Vuta! Vuta! Geuza kichwa, usinywe maji!"
Okeyo alicheka mpaka akabingirika sakafuni.
Kocha akamwandikia kuwa amezama.

Mimi ni mpima saa.
Mchana napima mahindi Kibuye, gorogoro kwa gorogoro,
alfajiri napima watoto wa watu.
Kuogelea sijui. Maji yangu ni ya beseni,
na hata hayo nayaingia kwa adabu.
Lakini kidole gumba hiki hakijawahi kuchelewa.

Daftari linasema:
Machi. Maji yamerudi. Zamzam amepunguza sekunde mbili,
mgongo, mita hamsini.
Hetal amerefuka; vazi lake la kuogelea sasa analivaa Nekesa,
limekunjwa mabegani kwa pini.
Aprili. Radi. Radi. Radi.
Kila saa kumi wingu linapanda kutoka ziwani,
filimbi inalia, wote nje,
watoto ishirini na sita chini ya mabati wakila mandazi,
wakihesabu kutoka mmweko hadi mshindo.
Mei. Wazazi wamelipa nusu.
Nusu nyingine iko njiani, pamoja na fundi.

Julai, Nakuru.
Hakuna aliyetuonya kuwa maji ya huko yana meno.
Wetu wamezoea uvuguvugu wa uji uliosahauliwa;
walitia vidole vya miguu, wakatazamana.
"Wameyatoa kwenye friji," alisema Zamzam,
kisha akaingia, akatoka na medali ya fedha,
akalala nayo.

Lakini ninalotaka kuandika
ni mita mia mbili, kipepeo, wasichana.

Kosa lilikuwa langu. Fomu niliijaza dukani
kati ya mteja na mteja, mkono ukiwa na vumbi la mahindi;
penye hamsini nikaandika mia mbili.
Tuligundua jina lilipoitwa.
Kocha akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.
Nekesa, miaka kumi na mmoja,
akavuta kofia ya mpira mpaka kwenye nyusi:
"Si ni ile ile mara nne?"

Hamsini ya kwanza alikuwa wa sita.
Ya pili, wa mwisho.
Alipogeuka kuanza ya nne
wenzake walishajifunga taulo, wanatafuta chai,
na wapima saa wenzangu walishafuta saa zao.
Yangu ikabaki inakimbia peke yake.
Ukumbi mzima, na sauti moja tu ya maji:
kishindo, kimya kirefu,
kishindo.
Kila kimya nilijiambia, basi.
Kila mara mabega yakachomoza tena,
pini ya Hetal iking'aa.

Akagusa ukuta kwa mikono miwili,
pamoja, kama sheria inavyotaka.
Dakika nne, sekunde kumi na tisa, nukta sifuri tano.

Midomo ikiwa buluu, aliuliza: "Ngapi?"
Nikamsomea. Nikaanza kumwomba radhi, akanikata.
"Nani klabuni amewahi kuogelea hii?"
Nikafikiri. Hakuna.
"Basi ni rekodi."

Agosti. Pampu imekufa tena. Fundi amesema Jumatatu.
Jana Nekesa alitumwa dukani, gorogoro moja,
akanikuta najaza fomu za msimu ujao.
Akaegemea kaunta, akafuata kalamu yangu kwa macho.
Nilipofika penye mita, nikasita.
Akapangusa vumbi la mahindi kwenye karatasi
ili niandike vizuri.